Maji ya Ndiva Yamebeba Nini? Mwongozo wa Vihisi vya Kuchapwa kwa Wakulima wa Same na Upare

Katika Milima ya Upare, maji hulala ndivani. Usiku mfereji huyaleta kutoka mtoni hadi kwenye bwawa dogo la udongo na mawe, na asubuhi mlango hufunguliwa, zamu ya kumwagilia ikaanza. Wazee waliobuni utaratibu huu walijibu swali gumu: maji ni kiasi gani, na nani ayapate lini? Swali la pili, maji haya yamebeba nini, walilijibu kwa ulimi, macho na pua. Chumvi ikizidi, ulimi uliionja. Tope likija, jicho liliona.

Lakini yapo mambo ambayo ulimi na jicho haviyafikii. Naitreti inayotoka kwenye mbolea haina rangi. Floraidi haina harufu. Udongo wenye tindikali nyingi unafanana kwa sura na udongo mzuri wa jirani. Mkulima hugundua tatizo mahindi yakiwa yamedumaa, na mzazi hugundua meno ya mtoto yakiwa yameshaota na madoa ya kahawia. Kupima mapema ndiko kunakotuwahisha.

Makala hii inaeleza vihisi vya kemikali vya kuchapwa: jinsi vinavyofanya kazi, mambo ya kupima huku kwetu, namna ya kuchukua sampuli, namna ya kusoma namba, na mahali ambapo kihisi kinaweza kukudanganya.

Kihisi cha kuchapwa ni nini?

Huenda umeshakitumia bila kujua jina lake. Mgonjwa wa kisukari anapochoma kidole na kuweka tone la damu kwenye stripu, ile stripu ni kihisi cha kemikali kilichochapwa. Vipima sukari vinavyotumia umeme wa namna hiyo vilianza kuuzwa mwaka 1987, na leo vimo katika zahanati na majumbani.

Uchapaji wake hautofautiani sana na wa fulana za kampeni. Fundi wa fulana hutandaza wavu wenye mchoro, humwaga wino, kisha huuvuta kwa raba hadi mchoro ukae kwenye kitambaa. Kiwandani hutandazwa karatasi ngumu au plastiki badala ya fulana, na wino wenyewe una kaboni au fedha, vitu vinavyopitisha umeme. Mchoro ukikauka unakuwa njia ndogo za umeme zinazoitwa elektrodi. Kwa kuwa maelfu huchapwa kwa mkupuo, bei ya kimoja hushuka, na hapo ndipo nguvu ya teknolojia hii ilipo: kipimo kilichohitaji chombo ghali cha maabara kinaweza kuwekwa kwenye kipande chembamba cha kutia mfukoni.

Kihisi cha maji au udongo kwa kawaida huwa na elektrodi mbili. Moja hufunikwa kwa utando unaochagua kemikali moja na kuziacha nyingine. Kwa potasiamu, kwa mfano, utando hutiwa valinomisini, dutu yenye tundu linalolingana na ayoni ya potasiamu kama kufuli na ufunguo wake. Elektrodi ya pili, ya fedha na kloridi ya fedha, hukaa imara ili iwe ya kulinganishia. Kemikali inayotafutwa ikigusa utando, volti kati ya elektrodi hizo mbili hubadilika. Kwenye nyuzijoto 25 za Selsiasi, ayoni kama naitreti au potasiamu ikiongezeka mara kumi, volti hubadilika kwa takriban milivolti 59. Kifaa kidogo husoma badiliko hilo na kulitafsiri kuwa miligramu kwa lita.

Vihisi vya naitreti vya kuchapwa, vya kuzikwa shambani, vinaendelea kutengenezwa na kujaribiwa katika vyuo vikuu kama California huko Berkeley na Wisconsin huko Madison. Chuo Kikuu cha Colorado huko Boulder kinatafiti vihisi vya udongo vinavyooza vyenyewe baada ya msimu ili plastiki isibaki ardhini. Vingi kati ya hivi bado viko kwenye majaribio. Mkulima wa leo anaweza kuanza na ndugu zao walioko sokoni: stripu za kuchovya zinazobadilika rangi, kalamu ya kupimia pH, yaani kiwango cha tindikali, na kipima chumvi cha mfukoni. Kanuni za kuvitumia vizuri ni zilezile, na atakayezizoea sasa hatababaishwa na kihisi kipya kitakapofika.

Somo kutoka Iringa

Hapa Tanzania lipo somo la kweli juu ya vihisi mikononi mwa wakulima wadogo. Kuanzia mwaka 2013, wakulima wa skimu za Kiwere na Magozi mkoani Iringa walishiriki mradi uliofadhiliwa na Australia, uliofanyika pia Msumbiji na Zimbabwe. Walipewa vifaa viwili. Cha kwanza ni kihisi cha unyevu kilichopewa jina la kinyonga, kazi ya timu ya mtafiti Richard Stirzaker wa Australia. Taa yake ikiwa ya bluu, udongo umelowa. Ya kijani, unyevu unatosha. Nyekundu, mizizi inahangaika kupata maji. Cha pili kina umbo la faneli na huzikwa shambani. Maji yakishuka hadi kilipo, kinashika kiasi kidogo, nacho kinapimwa naitreti kwa stripu na chumvi kwa kipimo cha mfukoni.

Wakulima waliona kwa macho yao jambo ambalo maafisa ugani walikuwa wakilihubiri miaka mingi: kumwagilia kupita kiasi huisukuma mbolea chini ya mizizi. Fedha waliyonunulia yuria ilikuwa ikizama ardhini. Wengi wakapunguza mizunguko ya kumwagilia, mavuno yakaongezeka, na ugomvi wa zamu za maji ukapungua. Rangi tatu za taa ziliwapa lugha moja ya kuzungumzia maji.

Same ina sababu ya kulizingatia somo hilo. Tambarare za wilaya ni kame, na mto mmoja hugawanywa na vijiji vingi. Bonde la Makanya lina historia ndefu ya makubaliano na mivutano kati ya watu wa juu, kama wa Vudee, na wa chini, kama wa Bangalala na Makanya. Kipimo kinachoonyesha kwamba shamba la juu tayari limelowa kinaweza kuwa hoja ya amani kwenye kikao cha maji.

Upime nini, na wapi?

Wilaya ni moja lakini ardhi zake ni nyingi. Usinunue kipimo kabla ya kujua tatizo la mahali pako.

*Milimani.* Kwenye miteremko inayopata mvua nyingi, kama ukanda wa tangawizi wa Mamba Myamba na vijiji vinavyouzunguka msitu wa Chome, mvua ya miaka mingi imesomba chokaa ya asili kwenye udongo. Hapo anza na pH. Fuatisha naitreti, kwa sababu samadi na mbolea ya kukuzia vikiwekwa siku ya mvua kubwa hushuka na maji hadi mtoni.

*Tambarare.* Kuanzia Makanya na Hedaru hadi Kisiwani na Ndungu, jua huvuta maji na kuiacha chumvi juu. Kipimo cha kwanza hapa ni chumvi, yaani uwezo wa maji kupitisha umeme. Ukiona utando mweupe shambani baada ya maji kukauka, usingoje msimu mwingine kupima.

*Maji ya kunywa.* Pima floraidi na naitreti. Miamba ya Upare ni ya kale sana na si ya volkano, tofauti na ya Kilimanjaro na Meru, na miamba ya volkano ndiyo chanzo kikubwa cha floraidi kaskazini mwa nchi. Mto Kikuletwa hutoka upande huo wa Meru na Kilimanjaro kabla ya kuingia bwawa la Nyumba ya Mungu, chanzo cha mradi wa Same, Mwanga na Korogwe uliozinduliwa Machi 2025. Maji ya mradi hutibiwa na kupimwa na wataalamu. Kisima binafsi hakina mlinzi huyo; mwenye kisima ndiye anayepaswa kuomba kipimwe. Usikihukumu kisima cha tambarare kwa sifa ya chemchemi ya mlimani.

Kuchukua sampuli ya maji

1. Tumia chupa safi ya plastiki yenye kifuniko. Isiwe iliyowahi kubeba dawa, mafuta wala soda.
2. Isuuze mara tatu kwa maji yaleyale utakayopima.
3. Mtoni, simama ukielekea maji yanakotoka, ili tope la miguu yako lisiingie chupani. Zamisha chupa chini kidogo ya uso wa maji.
4. Kisimani au bombani, acha maji yatiririke dakika chache kwanza.
5. Andika papo hapo kwenye chupa: mahali, tarehe, saa, na kama mvua imenyesha.
6. Ukipima naitreti, pima siku hiyohiyo. Sampuli inayokwenda maabara iwekwe kwenye baridi na giza, maana vijidudu vilivyomo huibadilisha naitreti njiani.

Kwa ndiva, chukua sampuli sehemu tatu: banio la mfereji mtoni, ndani ya ndiva, na mwisho wa mfereji wa shamba la chini kabisa. Namba moja peke yake haisemi mengi. Namba tatu zilizopangwa kutoka juu hadi chini zinaonyesha mahali uchafu unapoingia.

Kuchukua sampuli ya udongo

1. Tembea shambani kwa mwendo wa nyoka, ukichukua udongo kwenye sehemu 10 hadi 15 kwa kila ekari.
2. Chimba hadi sentimita 20. Ruka kichuguu, mpaka wa shamba, mahali palipochomwa moto na palipolundikwa samadi.
3. Changanya vyote kwenye ndoo safi ya plastiki, ubakize nusu kilo.
4. Tenga udongo mbichi kidogo wa kupima naitreti; uliobaki ukaushe kivulini, kisha uuchekeche.
5. Kwa pH, changanya gramu 20 za udongo na mililita 50 za maji yaliyokenekwa (distilled) ya maabara au ya betri yasiyo na tindikali. Koroga, ngoja nusu saa, pima.
6. Kwa naitreti, tumia udongo mbichi wa siku hiyo, ukiuchanganya na maji hayohayo kwa kipimo kilekile kila mara. Acha utulie, chuja kwa karatasi ya chujio, kisha chovya stripu. Namba hiyo itumie kulinganisha shamba na shamba, wiki na wiki. Isiwe peke yake sababu ya kuamua mifuko ya mbolea.

Kusoma namba

*pH ya udongo.* Mazao mengi hustawi kati ya 5.5 na 7. Ikishuka chini ya 5.5, aluminiamu huanza kuyeyuka na kuunguza mizizi, na fosforasi hunaswa kwenye udongo, hivyo mbolea ya DAP unayoweka haiufikii mmea. Dawa yake ni chokaa ya kilimo, kwa kiasi kitakachotokana na kipimo cha maabara.

*Chumvi katika maji ya kumwagilia.* Kwa viwango vya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, chini ya maikrosimensi 700 kwa sentimita hakuna tatizo. Kati ya 700 na 3,000 tahadhari inahitajika. Zaidi ya 3,000 hatari ni kubwa. Mazao hayalingani uvumilivu. Maharage huanza kupoteza mavuno maji yakipita 700 hivi, vitunguu 800, mahindi 1,100, nyanya 1,700 na mpunga 2,000. Kwa hiyo namba 1,000 isikukatishe tamaa ya kulima. Ikuongoze kuchagua zao.

*Naitreti katika maji ya kunywa.* Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita. Walio hatarini zaidi ni watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa yaliyokorogwa kwa maji hayo, kwa sababu damu yao hushindwa kubeba oksijeni vizuri. Angalia kifaa chako kinatoa namba gani: vingine huhesabu naitrojeni peke yake, na miligramu 1 ya naitrojeni ni sawa na miligramu 4.4 za naitreti. Anayesoma 12 akadhani yuko salama, huenda amevuka kikomo.

*Floraidi.* Kikomo ni miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi, meno ya watoto huota na madoa; ikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa huathirika.

Na hili lishikwe na kila mama na baba: kuchemsha maji hakuondoi naitreti wala floraidi. Kuchemsha huua vijidudu, na ni desturi njema isiyopaswa kuachwa. Lakini mvuke unapoondoka kemikali hubaki sufuriani, tena katika maji pungufu. Kisima chenye floraidi nyingi kinahitaji chanzo kingine au chujio maalumu, kama lile la mkaa wa mifupa lililotafitiwa kwa miaka mingi katika kituo cha Ngurdoto, Arusha.

Mahali kihisi kinapodanganya

Kifaa hakina nia mbaya, ila kina udhaifu wake.

*Huchoka.* Utando wa kihisi hubadilika kadiri siku zinavyopita. Kabla ya kupima, kijaribu kwenye maji mawili yenye kiasi kinachojulikana, kwa mfano miligramu 10 na 100 za naitreti. Tofauti ya volti inapaswa kukaribia milivolti 59. Ikishuka chini ya 50, kihisi kimechoka, kibadilishe. Kosa la milivolti 6 tu linaweza kupotosha jibu kwa robo nzima.

*Huchanganywa.* Kihisi cha naitreti kinaweza kuvutwa na kloridi, na kloridi ni sehemu ya chumvi ya kawaida. Kwenye maji ya chumvi ya tambarare, naitreti ikionekana nyingi, thibitisha kwa njia nyingine kabla ya kumlaumu jirani na mbolea yake.

*Huathiriwa na jua.* Kihisi kilichoachwa juu ya jiwe saa saba mchana hakitasoma sawa na cha asubuhi. Pima kivulini, saa zilezile.

*Huhitaji unyevu.* Kihisi cha kemikali kwenye udongo mkavu hakina cha kugusa. Pima udongo siku moja au mbili baada ya kumwagilia.

*Huharibika kwa hifadhi mbaya.* Funga kopo la stripu mara moja, usishike sehemu ya kupimia kwa vidole, angalia tarehe ya mwisho, na soma rangi kwa muda ulioandikwa. Stripu zilizotumika zisitupwe mferejini. Zikusanywe mahali pamoja.

Yapo pia mambo ambayo vihisi hivi havioni kabisa. Stripu ya naitreti haijui kipindupindu wala kinyesi; maji yanayoipita vizuri bado yanaweza kuua. Wala haioni viuatilifu vinavyopulizwa kwenye nyanya. Hayo yanahitaji maabara.

Lini upime?

Mara nne kwa mwaka zinatosha kuanzia. Kwanza, mwisho wa kiangazi, maji yakiwa machache na chumvi imejikusanya. Pili, mvua za kwanza za vuli, zinaposomba kila kilichokuwa juu ya ardhi. Tatu, kabla ya kupanda masika. Nne, wiki moja au mbili baada ya kuweka mbolea ya kukuzia. Ukipima mara moja tu, unajua hali ya siku hiyo. Ukipima misimu mitatu, unaanza kulijua shamba lako.

Daftari la ndiva

Hakuna sababu ya kila kaya kununua kipima chumvi chake. Ndiva haikuchimbwa na mtu mmoja. Ilichimbwa, na hadi leo husafishwa, kwa msaragambo: ngoma au mbiu ikilia, kila nyumba hutoa mtu mwenye jembe. Kupima nako kuingie kwenye msaragambo. Kikundi kinunue kipima chumvi kimoja, kalamu moja ya pH na kopo moja la stripu. Kichague watu wawili wenye subira, mmoja akiwa kijana, wafundishwe na afisa ugani. Namba ziandikwe kwenye daftari moja na kusomwa hadharani kwenye kikao, ziwe nzuri au mbaya.

Daftari hilo lina uzito mbele ya vyombo vya nchi. Bodi ya Maji Bonde la Pangani, iliyoanzishwa mwaka 1991, husimamia vyanzo vya bonde zima na hufanya kazi na jumuiya za watumia maji. RUWASA, iliyoanza Julai 2019, inashughulika na maji ya kunywa vijijini, nayo huweza kukuelekeza maabara ya ubora wa maji. Kwa udongo, uliza ofisi ya kilimo ya halmashauri, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano mkoani Tanga, au Chuo Kikuu cha Sokoine Morogoro. Kwa viuatilifu, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, TPHPA, iko Arusha. Kijiji kinachokwenda huko na namba za misimu mitatu, zenye tarehe na mahali, hueleweka haraka kuliko kijiji kinachokwenda na malalamiko matupu.

Daftari litumike kujilinda, lisiwe fimbo ya kumchapia jirani. Namba zikipanda kati ya banio na ndiva, nendeni pamoja mkaitembelee njia ya mfereji. Mara nyingi mtakuta zizi lililosogea kando ya maji, shamba lililoingia ndani ya mita 60 za ukingo wa mto au bwawa, zinazokatazwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, au mahali pa kuoshea mabomba ya dawa. Hayo hurekebishwa kwa mazungumzo na jembe, bila gharama kubwa.

Kabla ya mvua za vuli zijazo, chukua chupa tatu, nenda kwenye banio, kwenye ndiva na kwenye shamba la mwisho, kisha peleka namba tatu za kwanza kwenye kikao chenu. Wazee walitupimia wingi wa maji kwa haki. Nasi tuwapimie watoto wetu usafi wake.